Shati la Mikono Mirefu Nyansiongo: Vazi na Jua katika Nyanda za Juu za Gusii

Mji wa Nyansiongo, ulioko Borabu katika Kaunti ya Nyamira, uko kusini kidogo mwa ikweta na katika kimo kinachozidi mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mambo hayo mawili kwa pamoja ndiyo yanayolipa jua la huko ukali ambao ubaridi wa hewa huuficha. Kinachoiumiza ngozi ni miale ya urujuanimno, yaani sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho wala kuhisiwa kama joto, ambayo nguvu yake huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hivyo mtu anayefanya kazi shambani akiwa amevaa sweta kwa sababu ya baridi huwa pia amejikinga na hatari asiyoihisi, na historia ya mavazi ya eneo hilo, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kinga iliyopatikana bila kukusudiwa.

Kabla ya utawala wa Waingereza, ambao majeshi yao yaliivamia Gusii mwaka 1905 na tena 1908, Abagusii walivaa ngozi za mifugo zilizolainishwa, na mikono kwa kawaida ilibaki wazi. Kinga yao kuu ilikuwa melanini, chembe za rangi zinazoifanya ngozi iwe nyeusi na kuzuia sehemu kubwa ya miale hiyo isipenye. Nguo za kushonwa zilienea baada ya Wakatoliki kufungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911 na Waadventista Wasabato ile ya Nyanchwa mwaka 1912, ambapo gauni na shati vilihesabiwa kuwa alama za staha, ibada na elimu, wala si ngao dhidi ya jua.

Waliolihofu jua waziwazi walikuwa walowezi wa Kizungu, ambao mashamba yao ya Sotik yalifika hadi Borabu. Hofu hiyo ilitiwa nguvu na madaktari kama Charles Woodruff wa jeshi la Marekani, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1905 alidai kwamba mwanga wa nchi za joto huharibu mishipa ya fahamu ya watu weupe. Kwa kuamini kwamba ubongo na uti wa mgongo ndivyo vilivyo hatarini, walowezi walivaa kofia nene na kushonea vitambaa vizito mgongoni mwa mashati, huku wengi wakivaa kaptura na kukunja mikono ya mashati hadi viwikoni, wakiiacha wazi ngozi ambayo ndiyo hasa iliyohitaji kufunikwa.

Kuanzia mwaka 1962, chini ya mpango wa makazi uliojulikana kama Mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba hayo yaligawanywa kwa wakulima Waafrika, nao wakaendeleza ng'ombe wa maziwa, pareto na hasa chai, ambayo wakulima wadogo waliilima chini ya mamlaka ya chai iliyoundwa mwaka 1964 na ambayo leo husindikwa katika kiwanda cha Nyansiongo kwenyewe. Uchumaji wa majani chai huanza asubuhi na mapema, wakati umande ungali juu ya majani, na mchumaji huvaa aproni ya plastiki na nguo ya mikono mirefu, mara nyingi ya mitumba, ili asilowe wala asichunwe na vijiti vya michai. Jua linapopanda, nguo ile ile huendelea kumkinga.

Kinga hiyo, hata hivyo, hutofautiana kutoka nguo moja hadi nyingine. Tangu Australia na New Zealand zitoe mwaka 1996 kiwango cha kwanza cha kupima kinga ya vitambaa, ambapo nguo ya daraja la 50 hupitisha sehemu moja tu kati ya 50 za miale, imefahamika wazi kwamba kitambaa kilichofumwa kwa kubana na chenye rangi iliyokolea hukinga vizuri kuliko chepesi cheupe, na kwamba pamba iliyolowa au kuchakaa hupoteza sehemu ya uwezo wake.

Maarifa hayo yana uzito wa pekee kwa watu wenye ualbino, hali ya kurithi ambapo mwili hutengeneza melanini kidogo au hautengenezi kabisa, kwa kuwa kwao mkono ulioachwa wazi mwaka baada ya mwaka unaweza kupata vidonda na hatimaye saratani ya ngozi. Serikali ya Kenya, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, imekuwa ikiwagawia mafuta ya kujikinga na jua, lakini mafuta huisha na huhitaji kupakwa upya, ilhali shati zito hukinga kutwa nzima. Kwa hiyo shule inayomruhusu mtoto mwenye ualbino kuvaa mikono mirefu na kofia pana pamoja na sare yake hutimiza wajibu wa kulinda uhai, na mzazi anayemchagulia nguo hiyo sokoni anafanya kwa kukusudia kile ambacho baridi, umande na staha vimewafanyia wakazi wa Nyansiongo kwa miongo mingi.