Mvua ya Kilindini

Manahodha wa Sur na Maskati, waliokuwa wakishuka Unguja kwa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi, waliujua vyema mkondo wa pwani ya Somalia, jinsi ukimbiliavyo kaskazini wakati wa kusi na kurudi nyuma kaskazi ishikapo. Ila hapana aliyejua ya kwamba chini ya majahazi yao, usiku na mchana, ilikuwa ikinyesha mvua ya mizoga midogo mno, kinyesi na magamba ya chokaa, ikiichukua kaboni iliyotoka hewani na kuipeleka gizani.

Mvua hiyo ilianza kudhihirika katika safari ya merikebu Challenger ya Uingereza, 1872 hadi 1876. Tope lililovutwa kutoka sakafu ya bahari lilijaa magamba, na maulamaa wakabishana kama wenye magamba hayo huishi chini au juu, hata John Murray, kwa kukokota wavu mwembamba karibu na uso wa maji na kuwakuta humo wangali hai, akathibitisha kwamba kilindi ni kaburi lao tu. Alifariki mwaka 1914, na mali aliyoiacha ndiyo iliyogharimia safari ya Mabahiss, merikebu ya Misri iliyong'oa nanga Iskandaria mwaka 1933, ikafika Unguja na Mombasa. Maana ya jina la merikebu hiyo kwa Kiarabu ni utafiti, na kwa rai yangu yastahili kukumbukwa zaidi pwani yetu.

Mwaka 1986 wataalamu wa India na Ujerumani walizamisha mitego ya kuikinga mvua hiyo katika Bahari ya Arabuni, mfano wa faneli kubwa, na chini yake vichupa vilivyopokezana, kila kimoja kikikinga siku zake kisha kikimpisha mwenziwe. Walipovitoa, musimu ulisomeka humo: haba wakati wa maleleji, tele kusi ilipochacha, kwani upepo huo huyasukuma maji ya juu mbali na pwani, yakapanda ya chini, baridi na yenye rutuba.

Wala mvua hii haianguki wima. Chembe ishukayo mita 100 kwa siku hutumia mwezi mzima kufika mita 3,000, na mkondo wa kilomita 8 kwa siku utakuwa umekwisha kuichukua kilomita 240, masafa ya Unguja na Mombasa. Hivyo mwenye kupima kilichokingwa mbele ya Oman hana budi kuuliza kwanza mkondo ulielekea wapi mwezi uliotangulia.