NANI ANAULIZA SWALI LA BARABARA? Serikali ya Uingereza na utafiti wa usafiri, 1909–1996

1. Utangulizi

Historia ya barabara huandikwa mara nyingi kwa kuhesabu kilomita zilizojengwa, mito iliyowekewa madaraja na mikono iliyolazimishwa kuchimba. Historia ya maarifa yenyewe huandikwa mara chache zaidi: ni nani aliyepima udongo, ni nani aliyelipa gharama ya kupima, na ni nani aliyechagua kitu cha kupimwa.

Makala hii inayafuata maswali hayo katika mfano wa Uingereza. Mfano huo unafaa kwa sababu mbili. Kwanza, katika nchi hiyo fedha ya utafiti wa barabara ilihamishwa mara kadhaa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kila uhamisho uliacha alama yake katika maswali yaliyoulizwa. Pili, sehemu ya utafiti huo ilifanyika Afrika Mashariki, na matokeo yake yakaingia katika hesabu ambazo kwazo miradi ya barabara za Afrika imepimwa hadi leo. Kwa hiyo jambo hili lawahusu pia wasomaji wa Kongo.

2. Fedha yenye jina lake

Mwaka 1909 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyounda Halmashauri ya Barabara na kuipatia mapato ya kodi ya petroli na ya leseni za magari. Wazo lilikuwa jepesi: motokaa ndizo zilizotimua vumbi na kuvunja barabara za kokoto zilizotengenezwa kwa ajili ya farasi na mikokoteni, basi wenye motokaa na walipe. Wizara ya Usafiri iliundwa mwaka 1919, na mwaka uliofuata sheria nyingine ikaanzisha Mfuko wa Barabara.

Fedha yenye jina lake ina adui mmoja, naye ni Hazina. Mwaka 1926 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alianza kuchota katika Mfuko huo ili kuziba mapengo ya bajeti. Kwake yeye, kodi ikishalipwa ni mali ya taifa zima, wala kundi moja la raia haliwezi kudai kwamba ni yake. Hoja hiyo ndiyo iliyoshinda. Kuanzia mwaka 1937 kodi za magari ziliingia moja kwa moja katika Hazina kuu, na barabara zikawa zinapewa kile ambacho Bunge limekubali kutoa.

Utafiti wa barabara ulizaliwa katikati ya mvutano huo. Mwaka 1930 Wizara ya Usafiri ilifungua kituo cha majaribio huko Harmondsworth, magharibi ya London. Miaka mitatu baadaye kituo hicho kiliondolewa mikononi mwa Wizara, kikakabidhiwa Idara ya Utafiti wa Sayansi na Viwanda, kikaitwa Maabara ya Utafiti wa Barabara.

3. Mjenzi si hakimu

Uhamisho huo wa mwaka 1933 haukuwa wa kiofisi tu. Idara iliyopokea Maabara iliundwa mwaka 1916, katikati ya vita, Waingereza walipogundua kwamba viwanda vyao vilitegemea Ujerumani kwa rangi za nguo na vioo vya darubini. Mwaka 1918 kamati iliyoongozwa na Haldane ikatofautisha aina mbili za utafiti: ule ambao wizara huuhitaji kwa kazi zake za kila siku, na ule wa manufaa ya jumla, ambao yafaa usimamiwe mbali na wizara zenye masilahi yake. Maabara ya Barabara iliwekwa upande wa pili. Aliyejenga barabara hakuwa tena hakimu wa kazi yake mwenyewe.

Matunda ya mpango huo yalionekana katika uongozi mrefu wa William Glanville, mkurugenzi tangu mwaka 1939 hadi 1965. Wakati wa vita Maabara ilitumikia jeshi. Hata mifano midogo ya mabwawa iliyolipuliwa kwa majaribio kabla ya shambulio la mwaka 1943 dhidi ya mabwawa ya Ujerumani ilihusu wataalamu wake. Mwaka 1946 ikapewa kazi mpya, yaani utafiti wa usalama barabarani. Hapo swali likapanuka. Hadi wakati huo liliulizwa jinsi lami inavyovunjika; sasa likaulizwa pia jinsi watu wanavyokufa. Mwaka 1949 Reuben Smeed, mtakwimu wa Maabara, alionyesha uhusiano kati ya idadi ya vifo, idadi ya magari na idadi ya watu katika nchi mbalimbali. Mwaka 1951 vivuko vya pundamilia, vyenye mistari myeupe na myeusi, viliingia katika sheria baada ya majaribio ya alama za aina mbalimbali. Ni vigumu kudhani kwamba wizara yenye haraka ya kufungua barabara mpya ingeuliza kwa bidii hiyo ni wangapi wanaouawa katika zile za zamani.

4. Udongo mwekundu

Mwaka 1955 Maabara ilifungua sehemu maalumu ya nchi za joto kwa fedha ya Wizara ya Makoloni. Sababu yake ilikuwa ya kiufundi na ya kisiasa pamoja. Vipimo vya Ulaya vilitungwa kwa nchi ya baridi, ambako hofu ya mhandisi ni maji kuganda chini ya lami. Havikufaa mahali penye udongo mwekundu, jua kali na mvua za miezi mizima. Mwaka 1962 sehemu hiyo ilitoa mwongozo mdogo wa kusanifu barabara za lami katika nchi za joto, uliojulikana kwa namba 31. Mwongozo huo ulirudiwa kuchapishwa mara kadhaa, ukatumiwa na wahandisi wengi.

Makoloni yalipojitawala, sehemu hiyo haikufungwa. Malipo yake yalipita kwenye Wizara ya Maendeleo ya Ng'ambo, iliyoundwa mwaka 1964. Mlipaji alibadilika jina, lakini alibaki London.

5. Mteja na mkandarasi

Mwaka 1965 Idara ya Utafiti wa Sayansi na Viwanda ilivunjwa, na Maabara ikarudi chini ya Wizara ya Usafiri. Muda mfupi baadaye ilihamia Crowthorne, penye nafasi ya njia za majaribio. Kisha mwaka 1971 Lord Rothschild aliiletea serikali ripoti iliyotamka kanuni mpya: wizara ni mteja, mtafiti ni mkandarasi, mteja husema anachotaka, mkandarasi hukifanya akiweza, na mteja hulipa. Mwaka 1972 Maabara ilipewa jina jipya lililojumlisha usafiri wote na barabara.

Kanuni hiyo ilikuwa na uzuri wake: ilizuia watafiti kujifungia katika maswali yasiyomsaidia mtu. Ubaya wake ni kwamba mteja hununua jibu la tatizo analolijua tayari. Tatizo ambalo bado halijaonekana halina mteja.

6. Kenya, 1971–1975

Hata hivyo, utafiti mashuhuri kuliko yote wa sehemu ya nchi za joto ulifanyika katika miaka hiyo hiyo, na ulikuwa na wateja. Benki ya Dunia ilikuwa ikikopesha fedha nyingi za barabara bila kuwa na njia ya uhakika ya kujua kama ni afadhali kuweka lami leo, au kubaki na changarawe na kupitisha greda mara nyingi zaidi. Mwaka 1971 Maabara, pamoja na Benki hiyo na Wizara ya Ujenzi ya Kenya, ilianza kupima.

Vipande vya barabara vilichaguliwa, vya lami na vya changarawe, katika tambarare na milima, penye mvua nyingi na penye ukame. Ukwaruzo wa njia ulipimwa kwa gurudumu lililokokotwa nyuma ya gari, likijumlisha kila mruko katika kilomita. Wakati huohuo wenye magari waliombwa hesabu zao za mafuta, matairi na vipuri. Ripoti zilizotolewa mwaka 1975 ziliunganisha mambo mawili ambayo hapo kwanza yaliwekwa katika daftari tofauti: gharama ya serikali inayotunza njia, na gharama ya mwananchi anayepita juu yake. Hata changarawe ilipewa hesabu yake. Ilionekana kwamba hupotea kufuatana na wingi wa magari, mvua na mwinuko, na kwamba ile ya volkano hudumu kuliko ile ya matumbawe ya pwani.

Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Utafiti wa Kenya uliongeza jambo ambalo methali haisemi, yaani kwamba ufa wa barabara hulipwa kwanza na mwenye lori na abiria wake, kabla haujafika katika bajeti ya wizara. Ndiyo maana serikali inaweza kuuacha kwa muda mrefu bila kuusikia.

Hesabu hizo, pamoja na zile zilizopatikana baadaye katika visiwa vya Karibi, Brazili na India, ziliingia katika programu ya Benki ya Dunia iitwayo HDM-III, iliyotolewa mwaka 1987, na HDM-4 ya mwaka 2000.

7. Maabara inauzwa

Mwaka 1992 Maabara ilifanywa wakala wenye kujiendesha, na mwaka 1996 serikali ikaiuza. Mnunuzi alikuwa shirika lisilogawa faida, na serikali ikabaki mteja mmojawapo kati ya wengi. Hivyo kanuni ya mwaka 1971 ilifika mwisho wake wa kimantiki. Lakini haja haikuisha: mwaka 2013 serikali ileile ilisaidia kufungua huko Milton Keynes kituo kipya cha uvumbuzi wa usafiri, kwa fedha ya umma ikichanganywa na ya makampuni. Dola iliyouza nyumba ya utafiti ilirudi kujenga nyingine baada ya miaka 17.

8. Hitimisho

Historia hii yaonyesha kwamba mpango wa fedha ni sehemu ya utafiti wenyewe. Bodi ya wanasayansi iliuliza juu ya vifo. Wizara ya Makoloni iliuliza juu ya udongo mwekundu. Mkopeshaji aliuliza juu ya faida ya mkopo. Kila jibu lilikuwa la kweli, lakini kila moja lilikuwa jibu la swali la mtu fulani.

Kongo ina mtandao wa barabara unaokadiriwa kuwa kilomita 152,400, na sehemu ndogo sana ya mtandao huo ina lami. Office des Routes iliundwa mwaka 1971, mwaka uleule ambao vipimo vya Kenya vilianza. Mwaka 2008 sheria iliunda FONER, Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, unaotegemea hasa tozo la mafuta, yaani wazo lile ambalo Waingereza walilianza mwaka 1909 na kuliacha mwaka 1937. Tangu mwaka 2014 hadi 2020 Kongo ilishiriki pia katika mpango wa utafiti wa barabara za vijijini uliolipiwa na Uingereza.

Hesabu za HDM hutakiwa kurekebishwa kwa vipimo vya mahali zinapotumika, na hapo ndipo penye kazi. Vipimo vya Kenya vilihusu magari ya injini. HDM-4 iliongeza vyombo visivyo na injini, lakini chukudu ya mbao ya Goma na baiskeli inayosukumwa na mzigo wa mahindi katika Kasai zina mwendo na gharama zao, ambazo haziwezi kukisiwa kutoka mbali. Changarawe ya Katanga haijui mvua za Mombasa. Sehemu ndogo ya tozo la mafuta, ikitengwa kwa kazi hiyo na kusimamiwa na watu wasiojenga barabara wenyewe, ingetosha kuanza kuuliza. Ambaye hatengi fedha ya kuuliza hakosi majibu. Hupewa yale yaliyotafutwa kwa ajili ya wengine.