Nani Anaandikanga Kurasa Za Skauti Kwa Wikipedia? Hii Hapa Rada Yote

Kila mwaka mwezi wa Februari, karibu na tarehe 22, Nyeri inajaa maskauti. Skafu za kila rangi, mabasi ya shule, ngoma, na foleni ya watu wakielekea makaburi ya St. Peter's. Hapo ndio amezikwa Robert Baden-Powell, yule mwanajeshi Muingereza alianzisha skauti. Aliaga hapo Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Kwa jiwe lake kuna alama ya mduara na nukta katikati. Kwa lugha ya alama za maskauti hiyo inamaanisha "nimeenda nyumbani".

Sasa chukua simu yako uulize Google chochote kuhusu skauti. Kati ya majibu ya kwanza lazima kuna ya Wikipedia. Mtoi wa gredi ya sita akipewa insha anasoma hapo. Mwalimu anasoma hapo. Hata sisi watu wa hizi tovuti, tusidanganyane, tunaanziaga hapo.

Swali ni, nani aliandika hizo vitu? Si serikali. Si chama cha skauti. Si profesa amelipwa. Ni wasee wa kawaida, kila mtu na kwao, hawajuani sura, na hakuna mtu anapewa hata bob.

WIKIPROJECT SCOUTING NI NINI?

Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001. Ile ya Kiswahili ikafuata 2003. Venye kurasa zilizidi kuwa mob, watu wakaona heri wajigawe kwa vikundi kulingana na vitu wanapenda. Kuna kikundi cha mpira, cha madawa, cha treni, cha muziki. Kikundi kama hicho kinaitwa WikiProject. Cha skauti kiko kwa Wikipedia ya Kiingereza na jina lake ni WikiProject Scouting. Kinashughulika na maskauti pamoja na wale wasichana wa Girl Guides.

Usidhani ni ofisi. Hakuna mkubwa, hakuna interview, hakuna ada. Unaweka jina lako kwa orodha ya washiriki na umeingia. Si lazima hata uwe umewahi vaa skafu.

Kazi yao ni kama ya watu wa nyumba kumi. Wanajua kurasa gani ziko kwa eneo lao, gani imeharibiwa usiku, gani haijaguswa miaka, na gani haipo kabisa na inafaa kuwa.

KAZI INAGAWANYWA AJE?

Kila ukurasa unapewa alama mbili. Ya kwanza ni ya ubora. Chini kabisa kuna ule ukurasa mfupi wa sentensi mbili tatu. Wasee wa Wikipedia ya Kiswahili wanauita "mbegu", na mi nadhani hilo jina ni kali kuliko la Kiingereza, juu mbegu inaweza mea. Ukipanda ngazi unafika kwa makala nzuri, halafu juu kabisa kuna makala bora, zile zinawekwa nyota ndogo pembeni. Nyota haikujii hivi hivi. Wahariri wengine wanasoma mstari kwa mstari na kuuliza maswali ya kuudhi hadi utamani kulia.

Alama ya pili ni ya umuhimu. Ukurasa wa Baden-Powell uko juu. Ukurasa wa kambi fulani ndogo uko chini. Ukiweka hizo alama mbili pamoja unajua pa kuanzia: kitu muhimu sana na bado ni mbegu, hiyo ndio ya kwanza.

Mabishano yote yanafanyika kwa ukurasa wa majadiliano, kila makala iko na wake. Ukimaliza kuongea unaweka alama hii mara nne, ~~~~, na jina lako na saa zinajiandika. Na kila kitu umewahi badilisha kinabaki kwa historia ya ukurasa. Ukiandika matusi saa nane usiku, kesho kila mtu anaona ni wewe.

SHERIA TATU ZENYE ZINAUMA

Moja, kila jambo liwe na chanzo kilichochapishwa. Gazeti, kitabu, utafiti. "Mi nilikuwa hapo" si chanzo.

Mbili, usipendelee upande wowote. Huandiki kusifu skauti na huandiki kuichafua.

Tatu, usilete utafiti wako mwenyewe. Hata kama umegundua kitu ya ukweli, ikachapishwe kwingine kwanza.

Kuna ya nne ya pembeni: kama unafanyia kazi chama fulani cha skauti, sema wazi, na usijiandikie sifa. Na kama unalipwa kuandika, lazima utangaze.

NGORI ZENYE WAMEPITIA

Watu hudhani kurasa za skauti ni mafundo ya kamba na nyimbo za moto wa kambi. Zi. Ukisoma hizo kurasa vizuri utaona kuna kesi ngumu.

Cheki hii. Kambi ya kwanza ya majaribio ilifanyika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907. Walikuwa vijana wangapi? Vitabu vingine vinasema 20, vingine 21, vingine 22. Shida moja ni kuwa Baden-Powell alikuja na mtoto wa ndugu yake, Donald, wa miaka 9. Je, huyo anahesabiwa? Muhariri mzuri hachagui namba yenye anapenda. Anaandika kuwa vyanzo vinatofautiana, halafu anaonyesha kila kimoja kimesema nini.

Ya pili inapitia hapa kwetu. Boy Scouts of America ilianzishwa tarehe 8 Februari 1910 na mchapishaji tajiri wa Chicago, William D. Boyce. Stori yenye imesimuliwa miaka yote ni kuwa Boyce alipotea kwa ukungu London mwaka 1909, kijana mmoja akamsaidia, akakataa kulipwa akisema yeye ni skauti. Stori tamu. Lakini watu wa historia walianza kuuliza kama hiyo siku kulikuwa na ukungu kweli. Na Boyce alikuwa London akienda wapi? Alikuwa njiani kuja huku Afrika Mashariki, na msafara wake ulifika hadi Nairobi, kujaribu kupiga picha za wanyama kutoka kwa baluni. Mpango ulifeli. Kwa kurasa za Wikipedia, ile hadithi ya ukungu haijafutwa, juu imekuwa sehemu ya historia yenyewe. Ila inaitwa kwa jina lake: hadithi.

Ya tatu ndio nzito. Mwaka 1896, kwa ile nchi leo inaitwa Zimbabwe, Baden-Powell aliamuru chifu wa Wamatabele aliyeitwa Uwini apigwe risasi baada ya kesi ya kijeshi. Kulikuwa na uchunguzi, na akaachiliwa. Mbele kidogo, Juni 2020, mji wa Poole kule Uingereza ulitaka kutoa sanamu yake kwa muda, watu wengine wakaenda kuilinda, mwishowe ikazungushiwa mbao. Fikiria ukurasa wa huyu jamaa wiki kama hiyo. Mmoja anaingia kuandika ni shujaa, mwingine anafuta na kuandika ni muuaji.

Hapo ndio sheria zinasaidia. Ukirudisha mabadiliko ya mwenzako zaidi ya mara tatu ndani ya masaa 24, unafungiwa. Ukurasa ukizidi moto, wakabidhi, wale wahariri wenye funguo, wanaweza kuufunga kwa muda ndio watu wasio na akaunti wasiuguse. Kisha mnarudi kwa majadiliano, na swali ni lile lile: imeandikwa wapi?

KENYA IKO WAPI KWA HII STORI?

Hapa sasa ndio mi hushikwa na uchungu.

Angalia Marekani. Cheo cha Eagle Scout kina ukurasa wake. Order of the Arrow ina wake. Ranchi ya Philmont ina wake. Sasa angalia skauti ya Kenya. Skauti iko hapa tangu 1910, mwaka ule ule na Marekani. Mwaka 1973 mkutano wa dunia wa skauti ulifanyika Nairobi. Mwaka 2010 vijana wa dunia nzima walikuja kwa World Scout Moot. Mwanzilishi mwenyewe alichagua kuzeekea Nyeri, kwa nyumba ndogo inaitwa Paxtu pale Outspan, hoteli ya Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa karani wake zamani. Na bado chenye kimeandikwa kutuhusu ukiweka kando ya cha Marekani ni kama kikombe kando ya tangi.

Si ati wazungu wametukazia. Nilidhani hivyo pia. Nikiwa nimeacha koleji mwaka wa pili, na masaa mob na bando kidogo, niliandika ukurasa mzima wa kikosi chetu cha shule ya upili. Nikaweka majina, safari, ile siku tulilala nje mvua ikinyesha. Haikumaliza siku. Ilifutwa. Nilishikwa na hasira mbaya.

Muhariri mmoja akaniachia ujumbe wa upole. Kikosi kimoja cha shule kwa kawaida hakipati ukurasa wake, hata kiwe cha Marekani ama Uingereza. Halafu akauliza, hizi vitu zimeandikwa wapi?

Nikaenda kwa mzee aliyetufundisha skauti. Alikuwa na katoni chini ya kitanda. Picha, barua za mwaliko wa kambi, daftari zenye majina ya vijana wa miaka ya sabini. Akaniambia chukua zile unataka. Nikasema nitarudi, buda, wiki ijayo. Sikurudi haraka. Niliporudi mzee alikuwa ameshazikwa, na nyumba ilikuwa imeshapakwa rangi upya. Mama aliniambia makaratasi yalienda kuwashia jiko. Hakukuwa na ubaya ndani yake, yalikuwa tu makaratasi. Zilibaki picha nne.

Hiyo siku ndio nilielewa swali la yule muhariri. Halikuwa tusi. Ukurasa wa Wikipedia ni kama paa. Hauwezi ukaezeka paa kwa nyumba haina kuta, na kuta ni gazeti, kitabu, maktaba. Wamarekani wana kurasa mob juu kuna watu waliweka makaratasi yao vizuri miaka mia moja.

UNATAKA KUSAIDIA? ANZIA HAPA

Fungua akaunti. Ni ya bure. Usitumie jina la chama ama la kampuni.

Anza na kidogo. Rekebisha tahajia, tarehe, kiungo kimekufa. Usianze na ukurasa mpya siku ya kwanza, utalia kama mimi.

Piga picha. Kama uko Nyeri, ama uko karibu na kambi ya Rowallan hapa Nairobi, picha umepiga mwenyewe unaweza kuiweka Wikimedia Commons na dunia yote itumie. Ile umetoa Facebook ya mtu, zi. Nembo za vyama pia ziko na hakimiliki, usizipandishe Commons. Picha za zamani za familia, uliza mwenye alipiga ama warithi wake kwanza.

Tafuta karatasi. McMillan iko Banda Street tangu 1931 na ina magazeti ya zamani sana. Kenya National Archives iko Moi Avenue, ile nyumba unapitanga ukienda stage. Gazeti la Standard lilianza Mombasa 1902, Nation ikaja 1960. Ukipata habari ya skauti hapo, andika jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Huo mstari mmoja una nguvu kuliko sifa kurasa kumi.

Andika kwa Kiswahili pia. Huko mambo mengi bado ni mbegu, na wahariri si wengi, kwa hivyo kazi yako inaonekana.

Usiogope watu. Agosti 2025 mkutano wa dunia wa Wikipedia, Wikimania, ulifanyika hapa Nairobi, na kuna kikundi cha Wakenya wenye wanafundisha wapya. Uliza kwa majadiliano. Wengi watakujibu poa.

Na kama una guka ama shosh aliyekuwa skauti ama gaidi, usiseme wiki ijayo. Enda na simu, rekodi, piga picha kila karatasi, uliza majina ya walio kwa picha na uyaandike nyuma. Hiyo rekodi bado si chanzo cha Wikipedia. Lakini mwandishi wa gazeti anaweza kuitumia, mwanafunzi anaweza kuifanyia utafiti, maktaba inaweza kuihifadhi. Baadaye mtu atakuja na swali lile lile, imeandikwa wapi, na kutakuwa na jibu.

Zile picha zangu nne bado niko nazo. Nyuma ya moja kuna majina sita na mwaka, 1974. Kama babako alikuwa skauti miaka hiyo, muulize leo jioni.