Mbembeo Mmoja ni Upi?

"Pendulamu inabembea mara moja kwa sekunde. Tafuta urefu wa uzi wake." Swali ni fupi, na kanuni yake inajulikana. Hata hivyo, wanafunzi wawili wanaweza kupiga hesabu bila kosa, mmoja akapata sentimita 25 na mwenzake sentimita 99. Wa kwanza amehesabu safari ya kutoka kushoto hadi kulia na kurudi kushoto. Wa pili amehesabu ya kutoka kushoto hadi kulia tu, kwa hiyo kwake safari nzima inachukua sekunde 2. Muda ukiongezeka mara mbili, urefu wa uzi huongezeka mara nne. Ndiyo maana majibu yameachana kiasi hicho. Ni kama nauli: bei ya kwenda si bei ya kwenda na kurudi.

Istilahi inayotumika sana kwa mwendo wa namna hii ni mtetemo. Neno hilo linafaa kwa uzi wa gitaa au ardhi inapotikisika, kwa kuwa kutetema ni kutikisika kwa haraka na kwa kiasi kidogo. Pendulamu haitetemi, inabembea. Kwa hiyo hapa tutumie mbembeo, wingi wake mibembeo, kutokana na kitenzi bembea. Lakini jina peke yake halitoshi mpaka lielezwe linaanzia wapi na kuishia wapi.

Mbembeo kamili ni mwendo unaoanzia mahali fulani na kuisha pale kitu kinaporudi mahali hapo hapo kikielekea upande ule ule. Sharti la upande ni la lazima. Gololi ya pendulamu hupita katikati mara mbili katika kila mbembeo, mara moja ikienda na mara moja ikirudi. Anayehesabu kila inapopita katikati bila kuangalia inakoelekea atapata idadi maradufu. Muda wa mbembeo kamili mmoja ndio huitwa kipindi.

Yule wa sentimita 99 hakulitoa wazo lake hewani. Mafundi wa saa za zamani walihesabu kila mwendo wa upande mmoja, kwa kuwa saa hupiga "tik" pendulamu ikienda na "tak" ikirudi. "Pendulamu ya sekunde" yao ilikuwa na kipindi cha sekunde 2, na urefu wake ulikaribia mita moja. Mwaka 1790 mwanasiasa Talleyrand alipendekeza mbele ya Bunge la Ufaransa kwamba urefu huo uwe msingi wa vipimo vipya. Mwaka uliofuata Akademia ya Sayansi ikachagua badala yake sehemu moja kati ya milioni kumi za umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Swali likitaja pendulamu ya sekunde, basi, jibu ni sentimita 99. Likitaja hezi 1, ni sentimita 25, kwani hezi huhesabu mibembeo kamili tu.

Kiswahili kina mtego wake mwingine: masafa. Mtangazaji wa redio akitaja masafa ana maana ya idadi ya mawimbi kwa sekunde. Mwanariadha wa masafa marefu anahesabu kilomita. Katika swali la mbembeo maana zote mbili zinaweza kuingia, kwa hiyo ni salama zaidi kuandika marudio kwa idadi na umbali kwa urefu. Umbali nao una utata. "Kitu kilichofungwa kwenye springi kinabembea umbali wa sentimita 10" huenda ni kutoka ncha hadi ncha, na huenda ni kutoka katikati hadi ncha. Katika maana ya pili kasi ya juu kabisa ni mara mbili ya ile ya maana ya kwanza, na nishati ni mara nne.

Msomaji aanze kwa kutafuta ushahidi ndani ya swali lenyewe: kizio, mchoro, au takwimu inayokubaliana na maana moja tu. Akikosa, aandike juu ya jibu lake, "Nimechukua mbembeo kuwa kwenda na kurudi," kisha apige hesabu. Anayesahihisha ataona mara moja kama tofauti imetoka kwenye fizikia au kwenye maneno. Mtunga swali naye angeweza kumwondolea msomaji kazi hiyo yote kwa kuongeza neno moja: kamili.