Kunguru wa Shinyanga

Wadau, nikiwa Shinyanga kikazi nilimkuta mzee mmoja nyuma ya duka lake akiwawekea kunguru wali. Nikadhani anawafuga! Kumbe ilikuwa Pitru Paksha, siku kama 15 za mwezi kufifia, mnamo Septemba, ambazo Wahindu (nasema dini, siyo kila Mhindi) huwakumbukia marehemu wao. Mtoto wa kiume hufinyanga matonge ya wali na ufuta, humimina maji na kuwataja kwa majina baba, babu na baba yake babu. Kunguru akila, wazee wamepokea.

Wafanyabiashara wa Kihindi waliifuata pamba Usukumani enzi za mkoloni, wakafungua maduka na viwanda vya kuichambua. Kwa hili Wasukuma hawakuhitaji mkalimani: nao wana masamva, mizimu ya wazee, ambayo ikisahauliwa huleta maradhi.

Ila tambiko linataka mtoto. Baada ya majengo ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi zilihamia Uingereza na Kanada.

Nilimuuliza, "Mzee, na wewe atakutaja nani?" Akajibu kwamba wanawe wako Leicester. Kisha akaongeza wali.