Riwaya za Kiinjilisti zenye Mauzo Makubwa nchini Marekani: Suala la Nani Anahesabu

Wahakiki wa fasihi pendwa huelekea kueleza umaarufu wa kazi kwa kuchunguza dhamira na fani yake. Kwa riwaya za Kiinjilisti za Marekani mkabala huo hautoshi. Mauzo yake, na hata kuonekana kwa mauzo hayo, yalitegemea sana njia ambazo vitabu vilipitia hadi kumfikia msomaji.

Mfano wa awali ni In His Steps ya Charles Sheldon, mchungaji wa Kanisa la Kikongregesheni mjini Topeka, Kansas. Mwaka 1896 Sheldon aliwasomea waumini wake hadithi hiyo, sura baada ya sura, katika ibada za Jumapili jioni. Inahusu washirika wa kanisa moja wanaoahidi kwamba kwa mwaka mzima hawatatenda jambo lolote kabla ya kujiuliza Yesu angetenda nini. Hadithi ilichapishwa katika gazeti la Advance la Chicago, kisha ikatoka kama kitabu mwaka 1897. Kasoro katika usajili wa hakimiliki iliwaruhusu wachapishaji wengi, wa Marekani na Uingereza, kuitoa bila kumlipa mwandishi chochote, nayo ikaenea kwa bei nafuu mno. Idadi ya nakala milioni 30 inayotajwa mara kwa mara haina budi kupokewa kwa tahadhari: hakuna mchapishaji hata mmoja aliyekuwa na daftari la mauzo yote. Yafaa pia kukumbuka kwamba Sheldon alishughulishwa na baa, umaskini na makazi duni. Wengi walioliazima swali lake karne moja baadaye waliuacha nyuma ukali wake wa kijamii.

Waandishi waliofuata hawakutegemea bahati ya namna hiyo. Mwaka 1950 wauzaji wa vitabu vya Kikristo waliunda chama chao, na mtandao wa maduka ukakua nje ya biashara ya kawaida ya vitabu. Huko ndiko Love Comes Softly (1979) ya Janette Oke, mwandishi wa Kanada, ilikopata wasomaji. Mjane kijana anayefiwa njiani kuelekea magharibi anakubali ndoa ya lazima na mjane mwenzake mwenye mtoto. Hakuna muujiza wala mahubiri marefu. Kuna kazi za nyumbani, ukimya na mapenzi yanayochelewa. Riwaya hii iliwathibitishia wachapishaji kwamba wanawake Wakristo walikuwa soko kamili. Hata hivyo, orodha ya The New York Times haikuhesabu mauzo ya maduka ya Kikristo, hivyo vitabu vilivyouzwa kwa wingi humo vilikuwa kama havipo kwa wahakiki walioitegemea.

Frank Peretti alipochapisha This Present Darkness mwaka 1986, riwaya ya malaika na mapepo wanaoupigania mji mdogo, mauzo yalianza polepole. Yalipanda kwa wasomaji kuambizana, na baada ya mwimbaji Amy Grant kuipigia debe.

Kuta za mtandao huo zilivunjwa na Left Behind (1995) ya Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins, iliyotolewa na Tyndale House. Mfululizo huo wa vitabu 16 uligeuza mafundisho ya Unyakuo, yenye mizizi katika kazi za John Nelson Darby, kuwa visa vya taharuki, na umeuza zaidi ya nakala milioni 60. Sehemu kubwa ilinunuliwa katika maduka makubwa kama Walmart, mahali ambapo mauzo yalihesabiwa. The Indwelling iliongoza orodha ya The New York Times mwaka 2000, na Desecration ikawa riwaya iliyouzwa zaidi Marekani mwaka 2001.

Ushindi huo uliwaponza maduka yaliyoulea utanzu wenyewe, kwani msomaji aliyezoea kununua Left Behind pamoja na sabuni na mkate hakuwa na sababu ya kurudi kwao, na baadaye intaneti ikamwondolea hata safari hiyo. Family Christian Stores ilifungwa mwaka 2017. Mwaka 2019 LifeWay nayo ikatangaza kufunga maduka yake yote 170.