Njia ya Mikokoteni Chini ya Mabati ya Busia

Ramani ya Uganda iliyochorwa kabla ya 1902 haina mpaka wa Busia. Niliiskani, nikaifungua kwenye programu ya QGIS, nikaipigilia pointi nne: Mlima Elgon, jabali la Tororo, makao ya Mfalme Mumia, na mlango wa mto Sio. Nikaitandaza juu ya picha ya setilaiti ya leo. Ikafunika kila kitu kama blanketi.

Nilipopunguza uzito wake hadi nusu, mabati ya Busia yakaanza kuchungulia. Hesabu yake si ngumu: kila nukta ya kioo huchota juu na chini. Wino wenye thamani ya 40 juu ya bati lenye 200, nusu kwa nusu, hutoa 120. Kanuni za kuchanganya picha hivyo ziliandikwa na Thomas Porter na Tom Duff mwaka 1984. Kabla ya hapo, wachora ramani walikuwa wakitumia karatasi nyembamba na dirisha lenye jua. Pambizo nyeupe ya ramani yangu iling'ang'ania juu ya mji wa Malaba kama ukungu, mpaka nilipoiagiza programu iuhesabu weupe kuwa si kitu. Hata hapo, Sio ya wino na Sio ya setilaiti zilitiririka sambamba kama mapacha waliogombana.

Nilikuwa naitafuta njia ya Kapteni Sclater, iliyoanza kuchongwa 1895 kutoka Kibwezi kwa ajili ya mikokoteni ya ng'ombe, hadi huku Busia. Siku hizo aliyefika Naivasha alikuwa ameshaingia Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishiwa upande wa Kenya ya leo, na mpaka ukaja kuangukia mito ya Sio na Malaba, katikati ya Wasamia na Wateso. Mikokoteni ilikuwa imeshapata mshindani: reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Ile iliyofika Kampala 1931 ikapitia Malaba na Tororo. Busia ikabaki na barabara, na baadaye baiskeli za boda kwa boda.

Mzee mmoja wa Sofia, upande wa Uganda, aliinamia laptopu yangu.

"Kijana, hebu ififishe hiyo ya Wazungu, nione kwa shangazi."

Nikaishusha hadi sifuri. Njia ya Sclater ikatoweka, naye akaweka kidole kwenye paa moja, ng'ambo ya mpaka.